Kusoma pamoja riwaya inayogombanisha watu: tulivyofanya na Trade Wind

Kitabu chenyewe nilipewa na mgeni. Mwaka wa 19 huu natembeza watalii Mji Mkongwe, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa skuli ya msingi, kwa hiyo watu wamezoea kuniachia vitabu. Huyu alikuwa mama wa Kiingereza, mtu mzima, anatembea kwa fimbo. Aliniambia ameisoma Trade Wind ya M. M. Kaye mara tatu maishani mwake na ndiyo iliyomleta Unguja. Siku ya kuondoka akanikabidhi nakala yake, jalada limechanika, kurasa za katikati zinanukia mafuta ya jua. Haikupita miezi miwili nikamtembeza kijana wa Kimarekani. Nilipomtajia kitabu kile akakunja uso. Alikifikisha nusu akakiacha, na akasema hamsamehi mwandishi aliyemtaka ampende mfanyabiashara ya watumwa.

Nikakisoma mwenyewe, wiki tatu, usiku baada ya kazi. Zipo kurasa nilizozirudia kwa raha, na zipo zilizonifanya nifunge kitabu nitoke nje kupunga upepo. Hapo nikaona kitabu hiki si cha kusoma peke yangu. Niliwaita watu saba, tukawa wanane, tukakaa uani kwetu Kajificheni Jumapili moja ndiyo moja siyo, baada ya sala ya alasiri, mpaka tukakimaliza. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyojifunza kwenye vikao vile. Kama una riwaya ya kihistoria yenye mapenzi na safari za hatari, ambayo nusu ya watu wanaisifia na nusu wanailaani, mengi yatakufaa hata kama riwaya yako ni nyingine kabisa.

Kwa wasioijua: ni hadithi ya mwaka 1859. Hero Hollis, msichana wa Boston mwenye msimamo mkali, anapanda meli kuja Unguja kwa ami yake, konseli wa Marekani, akiwa na nia ya kupiga vita biashara ya watumwa. Njiani anatupwa baharini na dhoruba, anaokolewa na meli ya Rory Frost, Mwingereza mlanguzi anayefanya biashara hiyo hiyo aliyokuja kuipiga vita. Nyuma yao kuna ugomvi wa kweli wa ndugu wawili, Sayyid Majid na Sayyid Barghash, juu ya kiti cha baba yao. Kuna fitina, mizinga, kipindupindu, na kuna mapenzi. Anayetaka kusoma bila kujua yanaishia wapi aishie hapa kwanza, kwa sababu huko mbele sitaficha.

Gawa kitabu kabla hujagawa watu

Tulikuwa na nakala moja. Nilikwenda kwa fundi anayejalidi misahafu, nikamuomba akikate. Alinitazama kama nimemwambia amchinje mbuzi wa watu, lakini akafanya: alipitisha kisu kwenye uti wa kitabu, akakitoa mafungu 7, kila fungu akalishona kwa uzi mweupe na kulivika kartoni ya kaki. Nilimuahidi kwamba tutamrudishia akiunge.

Watu 8 niliwapanga wawili wawili, jozi 4. Kila jozi ina mmoja anayesoma Kiingereza vizuri na mmoja ambaye Kiingereza si chake. Msomaji anasoma, kisha anasimulia kwa Kiswahili, aya kwa aya. Fungu linakaa siku 3 kwa jozi moja, halafu linapelekwa kwa inayofuata. Jozi 4 kwa siku 3 ni siku 12, zinabaki 2 za kupumzika, halafu kikao. Mafungu 7, vikao 7, miezi mitatu na kitu.

Nakusihi mpango huu wa jozi usiuache hata kama kila mtu ana nakala yake. Anayefasiri kwa mdomo hawezi kupita juu juu. Mwandishi akimwita mtu jina la dharau, msomaji lazima achague neno la Kiswahili la kumwambia mwenzake aliyekaa mbele yake, na mara nyingi ndipo anapoligundua. Msichana mmoja wa kikundi chetu, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 19, alifika mahali akashindwa kulitoa neno mdomoni mbele ya mzee aliyekuwa jozi yake. Angekuwa anasoma kimya lingempita.

Weka miaka miwili ubaoni

Riwaya ya kihistoria ina miaka miwili, ule inaousimulia na ule iliotoka. Watu wengi wanaogombana juu ya kitabu cha aina hii, mmoja amesimama kwenye mwaka huu na mwenzake kwenye ule, na hawajaambiana.

Mimi niliandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo: 1859, na chini yake 1963. Kaye alizaliwa Simla, India, mwaka 1908, katika familia ya Waingereza waliotumikia utawala wao kule, akaolewa na afisa wa jeshi lao. Trade Wind ilitoka 1963. Kwa msomaji wa London huo ni mwaka kama miaka mingine. Kwetu, tarehe 10 Disemba ya mwaka huo ndipo Waingereza walipoiachia Zanzibar, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Unguja ya 1859 imeandikwa, basi, na mtu aliyezaliwa na kulelewa ndani ya dola ambayo wakati ule ilikuwa ikifunga virago. Wasomaji wengi zaidi walikipata baada ya riwaya yake ya India, The Far Pavilions, ya 1978, kumpa jina kubwa, na hii ya Unguja ikachapishwa upya 1981.

Na virago si neno nililolichagua ovyo. Meli ya Frost inaitwa Virago. Kwa Kiingereza ni mwanamke mkali, mwenye mdomo. Mzee wetu, aliyekuwa nahodha wa majahazi ya Pemba na Tanga tangu ujana wake, hakujua hilo. Alisikia mizigo ya msafiri, na akasema papo hapo kwamba mwenye meli yenye jina hilo hawezi kukaa pahala wala kukaa na mtu. Tulimuacha na maana yake vikao viwili kabla ya kumwambia ya Kiingereza. Ilikuwa inafaa zaidi.

Pakacha

Kikao cha kwanza nilikosea. Niliuliza swali ambalo kila mtu huuliza: kitabu kizuri au kibaya? Dakika kumi hazikupita maalim wetu wa historia, mstaafu, amesimama, na vijana wote wamenyamaza kwa adabu. Kikao kilikufa.

Kikao cha pili nikaweka pakacha katikati ya mkeka. Kila mtu, kabla ya kusema lolote, anaandika karatasi moja: sentensi moja ya maoni, na nambari ya ukurasa uliomfanya aseme hivyo. Asiyeandika anaandikiwa na jozi yake. Bila nambari ya ukurasa karatasi haisomwi. Halafu mimi nazisoma kwa sauti bila kutaja mwenyewe, na wa kwanza kusema ni mdogo kuliko wote kwa umri, tunapanda mpaka tunafika kwa mzee. Nilimuomba maalim radhi mapema, faraghani, nikamueleza kwa nini. Alikubali, na tangu hapo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimzuia mtu mzima anayetaka kumkata kijana.

Jambo la pakacha lilinifunulia kitu. Nilizitandika karatasi mkekani na nikaona hazijibizani hata kidogo. Kijana anayesomea utalii aliandika kwamba sura za mwanzo zinakwenda polepole kama mkokoteni wa ng'ombe, siasa nyingi mno. Mzee nahodha aliandika, kwa mkono wa jozi yake, kwamba bahari imeelezwa na mtu aliyeiona. Maalim aliandika: Waafrika wa kitabu hiki wamewekwa nyuma ya mlango. Msichana wa chuo aliandika kwamba Hero anamkera, kisha akaongeza kwa mwandiko mdogo, kwa sababu nafanana naye. Hao wanne wangekaa kibarazani wangebishana mpaka magharibi juu ya uzuri wa kitabu, na kumbe mmoja anazungumzia mwendo wa hadithi, mwengine ustadi wa kuchora mahali, mwengine nani amepewa sauti, mwengine mhusika. Wote wanne walikuwa sahihi kwa kurasa walizozitaja.

Kwa hiyo kazi yako wewe mwenye kikao ni kupanga karatasi kwa swali zinalolijibu, sio kwa upande wa kusifu na upande wa kulaani. Ukishapanga, mizozo mingi inakuwa si mizozo. Inayobaki ndiyo ya kweli, na hiyo usiikimbie.

Pini nne

Fungu la nne lilinirudia likiwa limefungwa.

Katika kikundi chetu yumo bibi mmoja mshonaji, mwenye wajukuu wa kike. Jozi yake ni mtoto wa dada yake. Walipomaliza siku zao 3, fungu likapelekwa kwa msichana wa chuo na mzee nahodha. Jioni ileile msichana akaja mbio kwangu, fungu amelikumbatia. Kurasa za katikati, kama 15, zilikuwa zimebanwa kwa pini za kushonea, zenye vichwa vya buluu, mbili juu na mbili ubavuni. Hakuwa amezitoa. Akaniuliza, "Mwalimu, nifungue?"

Nilijua ni sura zipi. Frost anataka kulipiza kisasi. Zorah, mwanamke aliyemnunua akiwa mtoto na baadaye kumfanya suria, mama wa binti yake, ameharibiwa na mchumba wa Hero na amekufa. Frost anamteka Hero, anamweka kwenye nyumba ya shamba, na anambaka. Na baadaye, mwisho wa kitabu, Hero anampenda na wanaondoka pamoja.

Hapa ndipo wasomaji wa kitabu hiki, wa kila nchi niliyopata kuzungumza na watu wake, wanapogawanyika kabisa. Wako wanaosema hadithi za mapenzi za Kiingereza za wakati ule zilikuwa na desturi hiyo, kwamba Hero anabadilika kutoka mtu wa maneno akawa mtu wa vitendo, na kwamba wao wanasoma kitabu kizima, si sura moja. Wako waliokitupa palepale. Yule mama wa fimbo alikuwa wa kwanza, kijana wa Kimarekani alikuwa wa pili.

Nilimwambia msichana asifungue bado. Jumapili nilimuomba bibi mshonaji aseme. Alisema, kwa utulivu, kwamba yeye si mtoto, amesikia mengi, lakini hakutaka mtoto wa mtu asomewe jambo lile akiwa amekaa peke yake na mwanamume wa umri wa babu yake, wote wawili hawajui watazame wapi. Mzee akasema, "Bibi umenistiri." Hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo, mimi mwenyewe niliyepanga jozi sikulifikiria, na ninasema wazi kwamba lilikuwa kosa langu.

Kutokana na pini zile tulipanga utaratibu ambao sasa naufuata kwa kila kitabu. Mwenye kikao asome kitabu chote kabla. Kama kuna ukatili wa namna hiyo, aseme mapema uko fungu gani na kurasa zipi, aseme kwa neno lake halisi. Neno ni kubaka. Si "kumchukua", si "yaliyotokea shambani". Anayetaka kuruka anaruka na haulizwi sababu. Jozi za kurasa hizo zinabadilishwa, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume. Na katika kikao, kabla ya mtu kueleza kama mapenzi ya baadaye yanaaminika, kwanza tunakubaliana kilichotendeka ni nini. Msipokubaliana hilo, msiendelee. Mtakuwa mnabishana juu ya uzuri wa machweo.

Msimamo wangu nautoa kwa sababu waliniuliza. Mwaka wa kuandikwa unanieleza kwa nini mwandishi aliona inawezekana. Haunifanyi nimpende Frost. Sura za kipindupindu, Hero anapolea watoto waliokosa mtu, ni kati ya kurasa bora nilizosoma juu ya mji wangu, na sisi tuliokuwepo Unguja kipindupindu cha 2015 na 2016 tulizisoma kwa kunyamaza. Lakini sizitumii kurasa hizo kulipia zile nyingine. Ninaziacha zote mbili zikae.

Ulizeni: huyu angeitwaje kwa Kiswahili?

Hii ndiyo hatua niliyoifurahia kuliko zote, na kama una muda wa hatua moja tu, chukua hii.

Kiingereza cha kitabu kina neno moja kubwa, "slave", na ndani yake wamesukumwa watu wote. Kiswahili cha Unguja ya 1859 kilikuwa na maneno kwa kila hali, na mengi bado tunayo mdomoni tumesahau yametoka wapi. Mjinga alikuwa mtumwa mgeni aliyetoka bara juzi, hajui lugha wala desturi. Mzalia alizaliwa pwani. Mjoli ni mtumwa mwenzako wa bwana mmoja. Suria alikuwa mjakazi aliyewekwa na bwana wake, na mtoto wake alizaliwa huru mwenye jina la baba. Masultani wenyewe wengi walizaliwa na masuria. Kibarua ni barua ndogo, karatasi ya kazi ya siku aliyopewa mtumwa aliyekodishwa, na leo mtu yeyote anayesaka riziki Darajani anasema anatafuta kibarua.

Tulichukua sura moja ya sokoni na kila mtu akapewa mhusika mmoja asiye na jina. Kazi: mpe neno lake. Yule anayebeba kreti, ni mpagazi, hamali au kibarua? Anayefungua mlango nyumba ya konseli, ni mzalia au mjinga? Kitabu mara nyingi hakisemi. Tulipomaliza, maalim aliomba tuhesabu wanaosema maneno yao wenyewe kwenye sura ile. Wazungu na Wamarekani walisema kwa wingi, watu wa jumba la kifalme walifuata, na wengine wote walikuwa mikono, migongo na macho. Maalim hakuongeza neno. Kijana wa utalii, ambaye mpaka siku ile alikuwa upande wa kukisifu kitabu, aliandika karatasi ndefu kuliko zote.

Palepale msichana wa chuo akauliza kuhusu Boston. Hero anatoka nchi ambayo hesabu ya watu ya 1860 ilikuta watumwa karibu milioni 4, na utumwa ulifutwa huko 1865. Na marekani, ile nguo nyeupe iliyojaa maduka ya pwani mpaka Tabora, ilifumwa New England kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini. Meli za Salem ndizo zilizoileta. Konseli wa kwanza wa Marekani alikuwepo Unguja tangu 1837, na alikuwa mfanyabiashara. Msichana alitaka kujua kama Hero anajua nguo yake imetoka wapi. Swali hilo tulilibandika mlangoni chini ya miaka miwili.

Pimeni na waliokuwepo

Wasomaji wanapenda kusema riwaya hii inafundisha historia. Msikubali wala msikatae kabla ya kupima. Mnayo bahati: mmoja wa waliokuwemo katika njama ya 1859 aliandika. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Beit el-Mtoni 1844, na alikuwa na miaka 15 alipomuandikia barua kaka yake Barghash kama karani wake. Aliondoka Unguja 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akawa Emily Ruete, na 1886 kumbukumbu zake zikachapwa kwa Kijerumani. Anasimulia jinsi yeye, dada yake Khole na wanawake wa nyumbani walivyomtoa Barghash katikati ya askari waliozingira nyumba, amevishwa nguo za kike. Alijutia yote. Alitengwa na Majid aliyempenda, na hakupata faida yoyote.

Soma simulizi lake upande mmoja na sura za riwaya upande mwingine, muone nani anaendesha mambo. Katika kitabu cha Salme wanawake wa Kiarabu ndio wenye akili ya mpango. Katika riwaya nao wamo, lakini Mmarekani amepewa kazi ndani yake. Bibi mshonaji alisema jambo hili limemuudhi kuliko la soko. Sikulitarajia.

Na kuhusu Frost, mpime kwa sheria ya siku zake. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa kwa raia wake 1807. Mkataba wa 1845 wa Sayyid Said ulizuia kuwasafirisha nje ya milki yake ya Afrika, ingawa kati ya Kilwa na Lamu biashara iliendelea. Anayesema "zama zile watu wote walikuwa hivyo" aambiwe kwamba konseli wa Uingereza aliyekuwepo Unguja mwaka huohuo, Rigby, alikuwa akiwaachisha huru watumwa kwa maelfu kutoka mikononi mwa Wahindi raia wa Uingereza. Frost alijua anachokifanya. Na yule Barghash mwasi, aliyepelekwa uhamishoni Bombay, ndiye aliyekuja kuwa sultani 1870 na, kwa shinikizo la Waingereza, kuweka saini ya kufunga soko la watumwa 1873.

Tembeeni, kama mko karibu

Hii naiandika kwa walio Unguja au watakaofika. Chukueni kurasa chache tu. Simameni Forodhani na muiondoe Beit al-Ajaib machoni, kwa sababu ilijengwa 1883. Ngome Kongwe iacheni, ilikuwepo. Nendeni Mkunazini, ambapo kanisa lilianza kujengwa 1873 juu ya kiwanja cha soko, na pale msisome riwaya. Someni kimya au msisome. Darajani kumbukeni kulikuwa na hori la maji lililoitenga Ng'ambo, na daraja lililotoa jina. Mwisho mpande daladala mpaka Mtoni, kwenye magofu ya jumba alikozaliwa Salme.

Sisi tulifika Mtoni mwanzoni mwa Aprili, kusi linaanza kuingia. Mzee nahodha alilowesha kidole akakiinua. Alisema kaskazi imeondoka, na kwamba jina la kitabu, pepo za biashara, ni la vitabu vya jiografia. Mabaharia wa hapa walisema msimu, na mwenye kuchelewa msimu alikaa Unguja mpaka mwingine. Kisha akamuomba jozi wake amsomee tena zile kurasa za dhoruba, za mwanzo, Hero anapotupwa majini. Alizisikiliza akiwa ametazama bahari. Akasahihisha jambo moja juu ya kamba, na akasema mengine yote ni kweli.

Ukiandika maoni yako kwa wengine

Sema umekifikisha wapi. Maoni ya aliyeacha nusu yana thamani, mradi aseme aliacha nusu na kwa nini. Taja kurasa. Mtahadharishe msomaji juu ya ukatili bila kumuhadithia mwisho. Na kama mapenzi yako kwa kitabu yametokana na umri uliokuwa nao ulipokisoma, liseme hilo pia. Yule mama wa fimbo alikisoma mara ya kwanza akiwa na miaka 17, na alipoondoka aliniambia mara ya tatu alikiona kitabu kingine. Nampa haki yake kwa kusema hivyo.

Karatasi zetu zote 48 nimezihifadhi kwenye pakacha lilelile. Watatu wamekipenda, wawili hawakitaki, watatu hawajaamua, na mmoja wa hao watatu ni mimi.

Wiki iliyopita nilimrudishia fundi mafungu 7. Aliyapanga, akayafungua uzi, akayasawazisha mezani kwa kuyagonga gonga. Alipofika fungu la nne akaona vitobo juu na ubavuni, akavipapasa kwa kidole gumba, akachukua kisu aikate ile kingo ya karatasi kitabu kitoke safi. Nikamwambia aache.